Habari za Machibya na Nusu Penseli Iliyowavusha Mapacha Mto Simiyu

"Hawajafa," Machibya alisema, na sauti yake ilishatoka dirishani mpaka kwa watu waliopanga foleni ya fotokopi.

"Wamekufa. Soma mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta."

"Kioo kimewaona wapi? Kimewahi kufika Simiyu hicho?"

"Usiisogelee mashine na mikono hiyo, umetoka kula dagaa."

"Venant, watu wangu wamekunywa dawa. Dawa. Nani anakunywa dawa anakufa?"

"Wamekunywa mbili."

"Kwa sababu wako wawili."

"Mashine haijui hilo."

"Basi mashine ni mjinga," alisema Machibya, na mle chumbani, ambamo tangu tuingie hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya, ikawa kama mtu amemtukana askofu.

Simameni hapo hapo, ninyi wawili, msirushiane viatu, ambavyo kwa bahati viko nje ya mlango. Ngoja niite mashahidi. Njoni, ninyi wa Igogo mnaonukia minofu, na ninyi wa Capri Point mnaoila hiyo minofu. Njoni, akina mama wa Kirumba, waacheni dagaa wakauke wenyewe, jua linajua kazi yake. Njoni, makuli wa bandarini, ambao meli yenu imenaswa kwenye magugumaji na hata hivyo hamna la kufanya. Njoni hasa ninyi wenzangu mliomaliza kidato cha nne mkakaa barazani kusubiri sijui nini. Kaeni chini mnyamaze, maana nawaletea vita ambavyo havikupiganwa kwa mkuki wala kwa upinde, bali kwa nusu penseli, na aliyeshinda ni mtu ambaye hesabu ya mtihani wa taifa ilimpiga mpaka leo ana alama. Na wewe Ziwa, mama mwenye tumbo pana, uliyemeza wavuvi wengi na bado unatulisha, nishike ulimi nisiruke kitu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa vibaya, mgongo kwenye mashine ya fotokopi, naungua, lakini nilikuwepo.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu mnakaa mezani. Mmoja ni mwenye njia, yeye anasimulia: mmefika porini, jua linazama, kuna fisi watatu. Nyie wengine kila mtu ana mtu wake wa kubuni, na mtu huyo ana karatasi yake, imeandikwa jina, nguvu, ujanja, alichobeba, kidonda kiko wapi. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inaamua ameweza au ameaibika. Ameumia, unafuta namba unaandika ndogo. Amepona, unafuta unaandika kubwa. Basi, hakuna kingine. Tuliutoa kwenye kitabu alichotuachia mwalimu mzungu wa fizikia, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Tukayaondoa majitu yao ya barafu, tukaweka mamba, mgambo na maafisa ugavi, mchezo ukakaa sawa.

Mwenye njia wetu ni Rose, binti Ndalahwa, sauti ya pili kwenye kwaya, ambaye akisema "kuna kitu nyuma yenu" hata asiyeogopa kufa anageuka. Mimi nina mhunzi. Na Machibya, simba wa Mabatini, mwenye magoti ya makovu, asiyeshindwa ubishi hata akikosea, yeye tangu kidato cha pili ana watu wawili: Kulwa na Doto, mapacha waliopotezana na mama yao mnadani wakiwa wadogo, wakalizunguka ziwa zima kumtafuta, Bukoba, Kisumu, Musoma, na sasa wamefika kando ya Simiyu, na mama yao yuko ng'ambo, anapika, moshi wanauona. Watu wawili, karatasi moja, nguvu moja. Akiumwa Kulwa, Doto analia. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Sisi tumelelewa Usukumani, tunajua pacha hawanunuliwi shati moja. Ukimpa Kulwa muwa, unavunja mwingine unampa Doto, la sivyo bibi yako atakuuliza hayo maradhi unayoyaita ndani ya nyumba utayalipia wewe. Ile karatasi ilifutwa ikaandikwa, ikafutwa ikaandikwa, mpaka pale penye nguvu pakatoboka, ikabandikwa kipande cha bahasha kwa nyuma.

Na juzi hiyo ya Jumamosi ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Jumatatu Machibya anaondoka kwenda Misungwi kwenye pamba ya baba yake, na mtu akishaenda kwenye pamba ya baba yake harudi kurusha dadu. Kwa hiyo ilikuwa wavuke leo wamwone mama, au wabaki mtoni milele. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na mtu asije akaniambia ni mchezo tu. Najua ni mchezo. Nitajieni na kingine tulichokuwa nacho.

Sasa huyu Venant. Venant mwenye cheti, bwana wa kipanya, mlinzi mkuu wa kitambaa cha kufuma. Alikwenda Dar kusoma kompyuta, akarudi anatembea kama mtu aliyebeba mayai mfukoni. Mjomba wake ana duka la fotokopi na kuchapa barua, akaleta kompyuta iliyotumika Dubai, akaiweka chumba cha nyuma: jitu la rangi ya maziwa ya jana, kichwa cha kioo, kiwiliwili kinakoroma, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama makochi ya sebuleni kwa padri. Ukiingia unavua viatu, eti mashine inaogopa vumbi. Mlango lazima ufungwe muda wote, eti vumbi. Nimeona watu wakiingia kanisani na matope mpaka magotini, lakini kwa Venant unaingia pekupeku.

Huyu ndiye aliyesema, jamani, mnateseka bure na raba na penseli, mtu wa karne hii anafuta namba kwa mkono? Leteni karatasi zenu niziingize kwenye mashine, itahesabu yenyewe, itakumbuka yenyewe, ninyi kazi yenu iwe kucheza tu. Tukampa, na wajinga ndio sisi. Akaziingiza, kisha karatasi zenyewe akampa mama wa karanga wa pale nje. Miaka yote ya Kulwa na Doto ikafungiwa karanga za kukaanga. Kuna mtu mjini hapa alizitafuna zile safari na chumvi juu, na hajui.

Na hiyo mashine ilivyotufanya, acha kabisa. Kisanduku cha jina kinachukua herufi chache, kwa hiyo mapacha wakaitwa Kulwa na D. Huyo D ni nani, hakuna anayejua, pengine ni daraja alilopata Machibya. Mtu wangu mhunzi, mashine ikapima nyundo yake, ikapima fuawe yake, ikaandika uzito umezidi, hawezi kutembea. Mhunzi. Tangu Jumamosi ya nyuma yake amesimama Magu, katikati ya barabara, watu wa mchele wanampita na magunia makubwa kuliko yeye. Kila ukitaka jambo inakuuliza kama una uhakika. Rose anasema fisi anaruka, mashine inauliza una uhakika. Hata dadu ilitunyang'anya, inarusha yenyewe humo ndani, unaona namba tu, hujui nani karusha wala kama kweli imerushwa. Dadu yetu ya ludo, ile yenye kona iliyoliwa na panya, ilikaa mezani kama mzee aliyestaafishwa.

Sasa sikilizeni msiba ulivyotokea. Mapacha wanafika ukingoni. Mamba anatoka, anamng'ata Kulwa. Rose, kwa huruma ya mwenye njia, akamleta bibi mmoja kutoka kwenye migomba, na bibi huyo akatoa vibuyu viwili vya dawa, kimoja cha Kulwa, kimoja cha Doto, kama ambavyo bibi yeyote mwenye akili angefanya hata kama aliyeng'atwa ni mmoja. Venant akabonyeza mbili. Mashine ikamwona mtu mmoja, anaitwa Kulwa na D, amekunywa dozi mbili siku moja. Ikauliza, una uhakika? Venant akabonyeza ndiyo. Jitu likakoroma kidogo, kisha kwenye kioo, kwa herufi kubwa kama tangazo la mnada: AMEKUFA.

Hapo ndipo mlipoingia.

"Rudisha nyuma," Rose alisema. "Mimi ndiye mwenye njia, nasema hawajafa. Futa hiyo."

"Haifutiki, dada. Kisanduku cha nguvu kimefungwa kwa neno la siri, ndiyo usalama wa data."

"Kifungue basi."

"Neno analo mwalimu wangu."

"Yuko wapi?"

"Dar."

"Mpigie."

"Hana simu."

Machibya akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekanyagwa. "Yaani mama yangu yuko ng'ambo anapika, na ufunguo wa kivuko uko kwa mtu wa Dar asiye na simu."

"Mama yako yuko Mabatini," alisema Venant.

"Unajua ninachosema."

Venant akainuka. Akaweka mkono juu ya jitu lake, na akatoa hotuba, maana cheti kile lazima kitoke mahali. "Nisikilizeni, ndugu zangu. Dunia imebadilika. Mashirika yanauzwa, viwanda vinauzwa, kila kitu sasa hivi ni sistimu. Ninyi bado mnataka kukaa na raba. Mnajua tofauti yenu na watu wa Nairobi? Wenzenu hawabishani na hesabu. Programu hii si ya kubahatisha. Mwalimu wangu aliitengeneza, imehesabu kuku wa kisasa Kibaha nzima, chakula, uzito, chanjo, kila kitu, na haijawahi kukosea hata kuku mmoja."

Fotokopi ikatema karatasi moja nyuma ya mgongo wangu.

"Kuku," alisema Rose.

"Nimebadilisha vichwa vya visanduku."

"Venant, umewaweka mapacha kwenye programu ya kuku."

"Kanuni za hesabu ni zile zile."

"Kumbe ndiyo maana mtu wangu amezidi uzito," nikasema. "Alikuwa tayari kwa soko."

Lakini Machibya hakucheka. Akasimama katikati ya chumba, pekupeku, vidole vya miguu vimeshika saruji kama mizizi, akasema taratibu, na mimi nakariri neno kwa neno maana niliona ni maneno ya kukaririwa. "Venant mwana wa watu. Kuku akipewa chanjo mbili anakufa, sikatai, mjomba wangu wa Buhongwa ameua banda zima hivyo hivyo. Lakini watoto hawa wametoka Bukoba kwa miguu. Wamepita kwa mgambo wa Tarime. Wamelala njaa pamoja, na yule aliyepata kiazi alikikata katikati. Mimi sikuja hapa kuomba ruhusa ya banda la kuku. Nataka penseli."

Oneni sasa, enyi mliokusanyika, aibu ya duka lile. Kuna wino wa kila rangi, kuna stepla, kuna mashine ya kuchapa, ya fotokopi, na hilo jitu, lakini penseli hakuna. Venant akafungua droo zote, kwa dharau kwanza, kisha kwa haraka, maana hata yeye alishangaa. Duka zima la maandishi halina kitu cha kuandikia ambacho unaweza kukifuta.

Nikatamani umeme ukatike. Mwanza hii, ambayo umeme unakatika mtu akiwa amenyolewa upande mmoja, siku hiyo kwa ukaidi haukukatika hata kidogo. Hakuna msaada uliotoka juu. Machibya akavaa kandambili zake mlangoni, akavuka barabara chini ya jua, na mimi nikamfuata kama mpambe, mpaka kibandani kwa Mama Paskazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huo uso? Umefiwa?"

"Bado hatujakubaliana. Naomba penseli."

Mama Paskazia akaitoa kwenye kopo, akashika wembe, akaikata katikati bila kuuliza, maana hivyo ndivyo anavyowauzia watoto wa darasa la kwanza, nusu nusu, kila siku ya shule. Akainyoa ncha. Akampa.

"Kidato cha nne umemaliza," akasema, "sasa umerudi la kwanza."

"Nimerudi, mama."

"Basi safari hii sikiliza hesabu."

Akarudi na silaha mkononi, fupi kuliko kidole chake, imenyolewa pande zote mpaka mti mweupe ukaonekana. Akavua tena kandambili, na hilo mlitie akilini: hata katika hasira yake alivua. Kwenye pipa la taka akaokota fotokopi iliyoharibika, cheti cha ubatizo cha mtu kilichotoka cheusi chote, akaigeuza upande mweupe, akailaza juu ya meza, palepale kando ya kipanya. Akapiga mstari kwa ukingo wa kiberiti. Akaandika: KULWA NA DOTO. Herufi zote. Alipomaliza ile o ya mwisho aliitazama kidogo.

"Rose, walikuwa na ngapi kabla ya mamba?"

"Saba."

"Mamba alikula ngapi?"

"Tano."

Basi hapa ndipo ulimi unapotaka kuniishia. Machibya, ambaye kwenye chumba cha mtihani alikaa na karatasi ya hesabu mpaka ikawa inamwonea huruma, akainama mbele ya kompyuta ya Dubai, mbele ya cheti cha Dar, mbele ya watu wa foleni waliokuwa sasa wamejazana dirishani, akatoa tano kwenye saba. Jasho likamtoka puani. Akaandika mbili. Hakuna kitu kilichomuuliza kama ana uhakika.

"Dawa ya bibi inarudisha ngapi?"

"Tatu. Wamekunywa wote, kila mtu chake."

Akaifuta ile mbili. Hana raba, akalowesha kidole, akasugua, karatasi ikachafuka, akapuliza. Akaandika tano. Tano ile ilikuwa imepinda, tumbo kubwa, kofia ndogo, na nawaambieni tangu nianze kuona namba sijaona namba iliyosimama kama ile. Mzee mmoja dirishani akasema, "Tano hiyo, ndiyo," kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia ndoa.

"Sawa," alisema Rose, akainua shingo, na sauti ya kwaya ikarudi. "Jua linazama. Mto umejaa, maji ni ya udongo, mamba amezama hamjui yuko wapi. Kulwa anachechemea. Ng'ambo, moshi. Mnavuka?"

"Tunavuka. Tumeshikana mikono."

"Nne kwenda juu mmefika. Chini ya hapo mto umewachukua."

Machibya akaichukua ile dadu iliyostaafishwa. Akaitikisa viganjani. Akarusha. Ikagonga kikombe, ikaruka, ikaanguka chini kwenye saruji, ikabingirika, ikabingirika, ikaingia chini ya meza ya kompyuta, ikasimama karibu na kidole gumba cha Venant, nyuma ya nyaya, mahali ambapo hakuna macho yanayofika isipokuwa yake.

Chumba chote kikamgeukia. Huyo hapo, Venant, kwenye kiti chake cha kuzunguka. Angeweza kusema moja. Angeweza kusema mbili, mashine yake ikawa imesema kweli tangu mwanzo, mapacha wakabaki mtoni, na sisi tukabaki na programu ya kuku mpaka mwisho wa karne. Akainamisha kichwa. Akasogeza waya mmoja. Akakaa hivyo muda, mpaka nikaona shingo yake ina vipele kama ya mtu yeyote.

"Nne," akasema.

Rose hakumwomba aitoe tuone. Akageuka kwa Machibya. "Mmetokea ng'ambo, mmelowa. Mama anainua macho kutoka kwenye chungu. Anasema, mbona mmechelewa, kaeni mle. Anapakua sahani mbili."

Na hivyo ndivyo Mto Simiyu ulivyovukwa. Waandishi wa habari wanaokaa kusubiri mawaziri uwanja wa ndege wangekuwepo, wangeyaandika haya. Vizazi vya Mabatini vitataja Jumamosi hii, na mtu akiuliza nani alitoa tano kwenye saba bila umeme, watamwonyesha kwa kidole. Dirishani watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka fotokopi zao.

Venant nampa heshima ya ile nne, sitamnyima. Niliibeba heshima hiyo kwa muda wa pumzi moja, halafu akairudia kibodi yake, akabonyeza, akabonyeza tena, akasema, "Lakini humu bado wamekufa. Wanakataa kufika. Sijui niandike nini."

"Waache humo," alisema Machibya. "Hao ni kuku wako."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Penseli akaichomeka nyuma ya sikio. Akampa Rose mkono, akanipa mimi mkono, akaniambia nimtoe mhunzi wangu pale Magu kabla magari hayajamgonga. Dadu hakuiinamia, aliiacha pale chini ya meza kwa aliyeiona.

"Machibya," Venant aliita bila kugeuka. "Mlango. Vumbi."

Machibya akatoka, akavaa kandambili zake, akakung'uta miguu ya suruali pale pale kizingitini, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, kisha akaufunga mlango vizuri kabisa.